Ngao ya Kwanza

Mezani palikuwa na majeshi matatu ya vinyago, kila askari kimo cha kidole, na Zawena, bibi harusi wa wiki mbili, alitakiwa kuchagua lake. Sheria ya mchezo ule ilikuwa moja: ukishaipaka rangi ngao ya kwanza, jeshi hilo ni lako mpaka msimu uishe.

Mumewe, Hamduni, alikuwa mtu wa Jeshi la Chuma. Alikuwa ameshamfinyangia mkewe malkia wa jeshi hilo, na kumtia hata kishimo cha shavuni kama cha Zawena.

Lakini Zawena aliwapenda vyura wa kinamasi, wale wanene wenye mikuki ya matete, wanaopigwa kila Jumamosi.

"Shemeji, hao hawajashinda tangu waumbwe," alisema Sudi, mdogo wake Hamduni. "Wakishinda nakula chaki."

"Anza kunoa meno, shem," Zawena alimjibu, akachukua brashi.

"Chagua unaowapenda," alisema Hamduni bila kumtazama. "Mimi sina neno."

Mwanamume akisema hana neno, ujue analo gunia zima.

Zawena alichovya brashi kwenye rangi ya kijani, akampaka chura wa kwanza ngao. Sudi akasahau kucheka.

Hamduni aliinuka, akabeba kiti chake mpaka ng'ambo ya meza, wanakokaa maadui. Akazichukua dadu za kuanzishia vita, akazitikisa kiganjani, akazitikisa tena, na Zawena akabaki anazisikiliza zikigongana bila kutupwa.