Ruhusa ya Kuvuka Kitulo

Siku hizi lori halivuki kizuizi cha theluji cha Kitulo mpaka mtu wa nyumbani kwa dereva atamke ruhusa. Tusekile alikuwa akisonga ugali simu ilipolia.

"Mama Lusajo, nimebeba oksijeni ya watoto wachanga wa Makete," alisema mumewe, Ambakisye. Upepo uliimeza nusu ya sauti yake. "Niruhusu nipite."

Tusekile alichungulia dirishani. Mlima wote ulikuwa umepotea ndani ya weupe.

"Apite?" kiliuliza kizuizi simuni, kwa sauti ya mashine.

"Hapana," alijibu. "Arudi nyumbani."

Jioni Ambakisye alirudi mzima, akaketi karibu na jiko. Alipopewa chai alishukuru kwa adabu, kama mgeni. Mara hodi ikasikika. Alikuwa Sekela, jirani yao, shuka lake limelowa theluji.

"Mitungi yako ya oksijeni alipewa mume wangu, Baba Lusajo," alisema. "Nilimruhusu tangu adhuhuri. Sasa simu yake haipatikani."

Ambakisye aliinuka, akampisha kiti. Tusekile alimmiminia Sekela chai, lakini hakuthubutu kumtazama usoni, kwa kuwa moyoni bado alikuwa akimshukuru Mungu.