Shangazi Kutoka Matembwe

"Mtamwita nani?" Shangazi aliuliza kwa mara ya saba tangu basi litoke Njombe mjini.

"Mama," Dainess alijibu, akitazama dirishani.

"Nitazame mimi, siyo miti."

"Mama. Tutamwita mama."

Jasmine, mdogo wake wa miaka miwili na nusu, alipolisikia neno hilo alianza kulia na kunyoosha mikono. "Mama! Mama!" Shangazi akamfinya paja, na hakufinya kwa utani. Alifinya mpaka mtoto akakosa pumzi ya kulilia.

Bibi mmoja wa kiti cha nyuma alishindwa kuvumilia. "Mtoto analilia mamaye, nawe unamfinya? Kwani mama yao yuko wapi?"

"Hayupo tena. Nawapeleka kwa baba yao kula Krismasi. Ameoa."

"Basi yatima hafinywi, mwanangu. Mungu anaona."

"Anaona sana," Shangazi alijibu, akageukia upande wa pili. Basi zima lilimchukia, na hakuna wa kulilaumu.

Lukas, baba wa watoto, alikuwa ameeleza kwenye simu bila kuzunguka. Waje Makambako wakae na mke wake mpya sikukuu nzima. Wakimpenda Fidelia, watabaki, na Januari Dainess ataanza kidato cha kwanza akitokea kwenye nyumba yenye umeme. Wakinuna na kulialia, warudi walikotoka. Walikotoka ni Matembwe, unga wa kupimwa kwa bakuli, na shule ya kutembea saa mbili kwa mguu katikati ya misitu ya mbao. Shangazi alikuwa amelima vibarua mwaka mzima na bado watoto walilala na njaa. Aliapa kwamba akirudi, atarudi peke yake.

Fidelia aliwapokea getini. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya gesti aliyoachiwa na marehemu mumewe, hatua chache kutoka yanapolala malori ya Zambia. Mwanawe, Esnath, msichana wa miaka kumi, alivaa gauni jipya la kitenge, na mengine mawili ya kitenge hicho hicho yalitandikwa kitandani yakiwangoja wageni. Shangazi alikuwa amejiandaa kukutana na chui. Alikutana na mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, akamchukia zaidi.

"Kamwene, wifi!" Fidelia alimkumbatia. "Lukas, mbona hukuniambia dada yako ni mzuri hivi? Mtazame na Dainess, pua ile ile! Kweli damu nzito."

"Nzito," Lukas alisema, akaenda kufunga geti lililokwisha kufungwa.

Jikoni, wakimenya vitunguu, Fidelia alifungua moyo. Alikuwa amekaa miaka sita bila mume kwa sababu wanaume wanaopita Makambako karibu wote wana wake zao huko nyuma. "Nikasema, nitaolewa na aliyefiwa kama mimi, au niache kabisa. Siwezi kujenga nyumba juu ya machozi ya mwenzangu, wifi."

"Umefanya vizuri," Shangazi alisema, akavuta kitunguu kingine.

Usiku ule Jasmine alilazwa chumbani kwa Fidelia, akalia mpaka sauti ikakauka. Shangazi hakwenda kumchukua. Dainess alipotaka kutoka, alimvuta mkono akamrudisha kitandani.

"Mimi siwezi kumwita," Dainess alinong'ona asubuhi walipotoka kanisani.

"Utaweza. Ulimi hauna mfupa."

Mchana meza ilijaa pilau, kuku wawili na soda. Lukas alinyoosha mkono, Fidelia akaupiga taratibu. Kwao Krismasi hailiwi kabla waliotangulia hawajatajwa. Akaanza Esnath. Alisema baba yake alikuwa akipiga mluzi kila anapoendesha lori. Lukas alisema marehemu mkewe alikuwa mtu mwema, basi, akanywa soda. Zamu ikawa ya Dainess.

"Mama alikuwa akinisuka, nikitikisika ananipiga na kitana," alisema, akiitazama sahani. Esnath alicheka. "Alisema nisome. Nisome hata kama... hata kama itabidi..."

Shangazi akakohoa.

"Nisome," Dainess akamalizia. Akamgeukia Fidelia. "Asante kwa chakula, mama."

Fidelia alijifuta macho kwa kiganja. Alibaki Jasmine peke yake, na huyo ndiye ambaye Shangazi alikuwa akimwogopa tangu juzi, maana mkubwa unaweza kumfundisha, lakini mdogo utamfundisha nini? Fidelia alimwinamia mtoto. "Na wewe, kipenzi changu? Mama yuko wapi?"

Jasmine alimtazama baba yake ambaye hakumjua. Akamtazama Shangazi, kwa muda mrefu, midomo ikianza kutetemeka. Shangazi akamtolea macho yale yale ya kwenye basi. Mtoto akalifunika paja lake kwa mkono. Kisha akageuka, akapanda magotini kwa Fidelia, akamkumbatia shingo.

"Mama huyu," akasema.

Fidelia aliangua kilio cha furaha. Lukas alishusha pumzi, akavuta sahani ya kuku. Esnath akaanza kupiga makofi, na Shangazi naye akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote. Halafu akaukaza upande wa khanga kifuani, maziwa ya kumnyonyesha Jasmine yasije yakalowesha gauni.