Mshale wa Trekta Kuukuu

Mzee aligonga tangi la trekta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akaandika kitu kwenye daftari. Cheche akanyoosha ovaroli yake. Mtihani hata haujaanza, mtahini tayari anaandika!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na bosi?"

"Mlinzi kaniambia nizunguke nyuma ya karakana, nitakuta trekta na mtu ananisubiri."

"Basi trekta ndilo hili," alisema mzee, akaendelea kugonga.

Njiani Cheche alikuwa amepita trekta jingine, jekundu, linang'aa kama sufuria jipya, na bwana mwenye tai kasimama kando yake akitazama saa. Mteja huyo, alijisemea, na wateja hawana subira.

Kazi ya fundi umeme katika karakana ile aliililia miezi mitatu. Shangazi yake alikuwa ameshasema neno la mwisho: leo ukikosa, kesho unaingia saluni kwangu kusuka nywele. Cheche alipewa jina hilo akiwa na miaka sita, siku alipounguza fyuzi za nyumba nzima kwa kijiko. Waya alijua kuzisuka. Nywele hapana. Kichwa cha mwisho alichokishika, mwenyewe aliondoka amejifunika kilemba na machozi yanamtoka.

Akalizunguka trekta. Lilikuwa la zamani hasa, limebadilishwa mfumo wa umeme: dinamo imeng'olewa, mahali pake pamefungwa alteneta ya gari ya kuchajia betri. Kwenye boneti mtu aliandika kwa chaki: HALICHAJI. Chini yake, mwandiko mwingine: NIMESHINDWA. Chini zaidi: HATA MIMI.

"Hawa ni mafundi?" aliuliza.

"Nasikia walikuwa wanne. Wa nne hata chaki hakuomba, alikimbia." Mzee akachungulia getini. "Usijisumbue sana, mwanangu. Muda wenyewe mfupi."

Ananipima moyo, Cheche aliwaza. Asitake kunijua! Akaingiza hendeli ya kuwashia, akazungusha mara moja, mara mbili. Ya tatu trekta likakohoa, likapiga chafya ya moshi mweusi, likanguruma. Mzee akaruka nyuma, daftari likamponyoka.

"Kumbe linawaka!"

"Linawaka vizuri tu, mzee. Shida yake ni chaji."

Na kweli, kwenye dashibodi mshale wa geji ya chaji ulikuwa umelalia upande wa hasara, ule wa umeme kutoka. Cheche alipoongeza mafuta, badala ya kuinuka ukazidi kuzama. Hapo ndipo wale wanne walipokata tamaa.

"Hiyo alteneta," mzee aliuliza, amerudi na daftari, "ndani yake ni shaba?"

Swali la kwanza! "Shaba tupu, mzee. Waya wote wa ndani."

Mzee akaandika kwa furaha. "Na uzito wake?"

Cheche akababaika. Hilo hakulisoma popote. "Kama... kilo tano?"

"Hapo umenisaidia sana."

Moyo wa Cheche ukacheza ngoma. Akatoa mita yake ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake kwenye betri. Volti kumi na nne nukta mbili. Akafuta kioo kwa mkono wa ovaroli, akapima tena. Kumi na nne nukta mbili. Betri inayochajiwa haiombi zaidi ya hapo.

Akatazama mita, akatazama mshale. Mita inasema umeme unaingia, mshale unasema unatoka. Mmoja wao ni mwongo, na mita aliinunua mwenyewe.

Akachungulia nyuma ya dashibodi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mafuta machafu.

"Mzee, trekta hili ni zima! Halijawahi kuumwa! Zamani lilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Walipoweka alteneta wakageuza betri, hasi ikaja kwenye bodi, sawa kabisa. Geji wakaisahau na waya zake za zamani. Kwa hiyo chaji ikiingia, mshale unaonyesha inatoka. Watu wazima wanne wamemtibu mgonjwa mzima!"

Akazima injini, akafungua betri, akabadilisha waya mbili tu nyuma ya geji, kila moja ikakaa mahali pa mwenzake. Akarudisha betri. Safari hii hakugusa hendeli, alizungusha ufunguo. Trekta likaitika mara moja, na mshale ukapanda upande wa faida, ukatulia huko.

Cheche akaruka juu ya ngazi ya trekta, akacheza. Mzee naye akavua kofia, akajipepea, akacheka hadi mapengo yote yakaonekana. Kisha akautazama ukurasa alioujaza asubuhi nzima, akauchana vipande viwili.

Cheche akashuka ngazi. Nimefeli, alijisemea. Akaiona saluni, akaona na vitana.

Mlango wa ofisi ukafunguka kwa kishindo. Bosi akatoka mbio, kikombe cha chai mkononi, chai yenyewe imebaki njiani.

"Nani kaliwasha hilo?" alipiga kelele. "Mzee, si tulielewana umelinunua ukalikate? Lori lako la vyuma chakavu liko getini, na mtungi wa gesi wa kukatia trekta umeshashushwa!" Akamgeukia Cheche. "Na wewe ni nani? Kama ni yule wa mtihani, mtahini kakungoja kwenye trekta jekundu hadi kachoka, kaondoka zake."

Cheche akavitazama vile vipande vya ukurasa: shaba, kilo tano.

Mzee alikuwa ameshapanda kwenye kiti, ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Huyu ni fundi wangu," alisema. "Lori lirudi tupu. Mwanangu, panda twende."