Kigingi cha Stesheni

Elisaria alikereketwa kuona kigingi chekundu cha stesheni mpya ya treni kimepigwa na Mzungu wa reli kwa jirani yake, mjane mwenye migomba mitano tu. Mtaa mzima ulinong'ona kwamba abiria watateremkia mlangoni pa mjane. Kwa nini yeye?

Jumapili, watu wakiwa kanisani, aliking'oa, akaruka masale, mimea ya kuweka mpaka, akakipigilia katikati ya migomba yake mwenyewe. Kung'oa masale huleta laana. Kigingi cha Mzungu hakina laana, alijiambia.

Jumatatu msimamizi wa reli alifika na wanaume wenye mapanga.

“Penye kigingi ndipo bustani ya stesheni. Fyekeni migomba, tupande nyasi. Shamba la nani hili?”

“La jirani yangu, bwana,” mjane akajibu.

Elisaria akaficha viganja vyake. Vilikuwa bado vyekundu kwa rangi ya kigingi.