Tone Mgongoni mwa Mkono

Mzee Mbwarali, muuza viungo, alikuwa ameapa kwamba bintiye Zuhena hataingia nyumbani mpaka aache kuchunguza bangi maabarani. Siku hiyo Zuhena alisimama kizingitini, akampa baba yake kichupa cha mafuta.

"Nitajie harufu ya hiki tu, baba, niondoke. Au pua imezeeka?"

"Izeeke yako!"

Mzee alidondosha tone mgongoni mwa mkono, akafumba macho, akanusa.

"Pilipili manga. Na karafuu kwa mbali. Safi kabisa! Umenunua kwa nani?"

"Nimeitoa kwenye bangi, baba. Harufu hii imo katika pilipili manga, karafuu na bangi, na yenyewe hailevyi. Tunachunguza kama inatuliza maumivu."

Mzee alinusa tena, taratibu, kama anusavyo mzigo bora wa viungo. Kisha, macho yangali yamefumbwa, akasogea pembeni ya mlango kumpisha.