Simu ya Pili

Mchana huo, katika nyumba aliyopanga mtaa wa Annexe, Lubumbashi, Katungu aliwasha ruta mpya. Aliipa jina na neno la siri la mtandao wao wa Goma, mji alioukimbia ulipotekwa, ili ajisikie yuko kwao.

Mumewe alifia huko kabla ya kutoka. Majirani walimzika harakaharaka, simu yake ikiwa mfukoni.

Taa ya kijani ikatulia. Katungu akasoma kwenye simu yake orodha ya simu zilizojiunga na mtandao. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa na jina la mumewe.

Mtandao ule haukuwa na nguvu ya kuvuka ukuta wa ua.

"Nani iko pa mulango?" akauliza.

Vijiti vya nguvu ya mtandao vya ile simu ya pili vikapanda kutoka kimoja hadi vitatu. Ilikuwa inakaribia.

Katungu akajifunga kitenge vizuri, akaondoa komeo la mlango.