Waya wa Bosi

Kwa mara ya tatu asubuhi ile kazi ilikwama palepale, na Ebiere akatamani kupiga meza.

Programu yao ilikuwa kubwa mno kwa mashine moja. Kwa hiyo waliikata vipande, kila kompyuta ya ofisi ikaandaa vyake, kisha vyote vikaunganishwa kwa Ebiere. Leo vipande vya kompyuta moja vilikataa kuungana na vingine. Mwenye kompyuta hiyo alikuwa ameiwekea zana mpya, tofauti na za wenzake, bila kumwambia mtu. Huyo alikuwa bosi.

"Bosi, acha niitoe hii mashine yako, tuanze upya," Ebiere akasema.

"Dada, hiyo ndiyo yenye nguvu. Zenu ni mikweche. Ukiitoa, mteja atalala hapa."

Mteja alikuwa nyuma yao, mkoba tayari kwapani. Alishawaambia kwamba mtaa huu wa Yaba una ofisi nyingi za kazi kama hii, na leo ndiyo mwisho wa kusubiri.

Bosi akamgeukia. "Mama, vumilia kidogo. Mashine yangu ndiyo inayobeba kazi yote."

Ebiere akainama chini ya meza. Waya wa mtandao wa bosi ulikuwa umevunjika kishikizo, ukafungwa kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Akaukata uzi kwa meno, akachomoa waya, akaanzisha kazi upya kwa kompyuta zilizobaki.

Mistari ikapanda kwenye skrini, ikapita pale ilipokuwa ikikwama, ikafika mwisho.

"Kumbe kweli, Oga," mteja akamwambia bosi, akiweka mkoba chini. "Hebu nionyeshe hiyo mashine yako."

Bosi akaibeba kwa mikono miwili. Waya haukuifuata. Ulikuwa mkononi mwa Ebiere.